Cheti Kilichokuwa Ukutani

Ukutani mwa chumba changu, juu ya meza ninayosahihishia madaftari, palikuwa na karatasi katika fremu ya mbao na kioo. Karatasi ile ilikuwa na jina langu, na chini ya jina cheo cha mchezo wa sataranji nilichokipata mwaka 2018. Wageni walioingia kunisalimu waliisoma kabla ya kuketi, na mimi nilikuwa nikijifanya sioni kwamba wanasoma. Leo umebaki msumari tu. Mwalimu mwenzangu mmoja aliniuliza kwa nini msumari umebaki peke yake, nikamjibu kwamba fremu ilivunjika. Halikuwa jibu la kweli. Kwa kuwa nimekwisha kumwambia uongo mmoja, naona heri niandike kweli yenyewe hapa, aisome pamoja na wengine.

Ndugu wasomaji, wengi wenu mwaujua mchezo wa bao na mchezo wa drafti, lakini sataranji huenda mmeiona kwa mbali tu. Ni mchezo wa watu wawili juu ya ubao wenye vyumba 64, vyeupe na vyeusi. Kila mtu ana kete 16, nazo ni mfalme, malkia, farasi na wengineo, na mbele yao askari wadogo wanane. Kazi yote ni kumzingira mfalme wa mwenzako asiwe na pa kukimbilia. Jina la sataranji si geni kwetu. Ni la Uajemi, likapita katika Kiarabu, likafika pwani yetu. Ila mchezo wenyewe haukuenea barani kama bao lilivyoenea.

Nalitaja bao kwa sababu. Katika bao hapana cheti. Mtu aitwaye fundi wa bao huitwa hivyo na wale aliowafunga, tena kwa shida, maana hakuna apendaye kumsifu aliyemfunga. Fundi akihama, jina humfuata ikiwa mkono wake umemfuata. Asipocheza vema huko alikohamia, jina hufia njiani. Mambo haya hutosha kwa watu wanaojuana. Walakini sataranji huchezwa na watu wasiojuana, mmoja wa Norway na mmoja wa Bara Hindi, nao hukutana mara moja kisha kila mtu akaenda zake. Hapo ndipo ilipohitajiwa hati ya kumshuhudia mtu mbele ya wageni.

Chama cha sataranji cha ulimwengu, kinachoitwa FIDE kwa herufi za jina lake la Kifaransa, kiliundwa Paris mwaka 1924. Mwaka 1950 chama hicho kilitoa kwa mara ya kwanza orodha ya watu wenye cheo cha juu, yaani bingwa mkuu, nao walikuwa 27. Wengine walikuwa vijana wenye nguvu wa wakati ule, kama Botvinnik na Smyslov. Wengine walikuwa wazee waliopewa kwa ajili ya kazi yao ya zamani, na mmoja wao alikuwa Milan Vidmar wa Slovenia, ambaye kazi yake ya kila siku ilikuwa uhandisi wa umeme. Nawaomba mliweke jina la Vidmar akilini, maana nitalirudia.

Siku hizi atakaye cheo hicho hana budi kufikisha alama 2500 katika kipimo cha chama. Tena lazima acheze, katika mashindano yenye masharti makali, michezo isiyopungua 27 kwa nguvu ya alama 2600, na miongoni mwa wapinzani wake wawemo mabingwa wakuu wenyewe. Akiisha kutimiza yote, hulipwa ada ya kuandikishwa, na kwa cheo hicho cha juu ada hupita euro 300. Kwa hiyo asemaye kwamba cheo cha kweli hakina bei amekosea. Kina bei ya ada, na kabla ya ada kina bei ya nauli, na chakula, na malazi, na kodi za mashindano, ambazo huzidi ada mara nyingi. Ziko nchi ambazo huandaliwa mashindano kwa ajili ya hiyo tu, mtu alipe kiingilio ili apate kukaa mbele ya mabingwa ambao ushindi juu yao huhesabiwa. Jambo hilo si wizi, maana aliyelipa bado hana budi kushinda. Lakini si kila mtu awezaye kulipa, na wale wasioweza hatuwaoni katika orodha.

Baadaye, intaneti ilipoenea, FIDE ilifungua mahali pa kuchezea kwa kompyuta na simu, ikaanzisha na vyeo vingine vya huko, vinne, vyenye majina yaliyofanana sana na yale ya zamani, ila masharti yake ni mepesi mno. Cheo cha chini kilitaka alama 1100 za huko, ambazo mchezaji wa wastani huzipata. Nacho kina ada yake. Hicho ndicho kilichokuwa ukutani mwangu.

Sasa nieleze nilivyofika hapo. Sataranji nilifundishwa nikiwa chuo cha ualimu, na mwenzangu tuliyelala chumba kimoja. Nilipopangiwa shule hii ya kijijini nilikuja na ubao mmoja, na kwa miaka mingi sikuwa na mtu wa kucheza naye isipokuwa wanafunzi niliowafundisha mwenyewe. Tulikata maboksi kuwa mbao, tukafanya askari kwa vifuniko vya soda, na wafalme kwa vigutu vya mahindi. Wanafunzi wengi walicheza muhula mmoja wakachoka. Lakini alitokea binti mmoja wa kidato cha pili, mtoto wa mchoma mkaa, ambaye baada ya miezi minane nilikuwa simwezi tena ila siku anapokuwa na njaa. Nasema hivi bila mzaha, maana nilizigundua siku zenyewe kwa kuhesabu.

Mwaka ule ilikuja habari ya mashindano ya vijana huko Dar es Salaam. Safari ni ya siku nzima kwa basi, na mtoto wa kike haendi peke yake, kwa hiyo palihitajiwa nauli ya watu wawili, kwenda na kurudi, na posho ya siku nne. Aliniletea karatasi yenye habari hiyo ameikunja mara nne. Nikamwambia, "Mwanangu, mshahara wa mwalimu wajua ulivyo. Tungoje mwaka ujao." Akasema, "Haya, Mwalimu," akaanza kuzikusanya kete kuzitia mfukoni, ingawa mchezo wetu ulikuwa haujaisha.

Mwezi ule ule nililipia cheo changu. Ada, na mchango wa uanachama, na makato ya kutuma fedha ng'ambo, vyote pamoja havikuwa mbali na nauli ile.

Msomaji ataniuliza kwa nini. Nimejiuliza mwenyewe mara nyingi, na sina jibu la kunipendeza. Jioni nilikuwa nikipanda kilimani nyuma ya zahanati, ambako simu hupata mtandao, nikicheza na watu nisiowajua hata mbu wanifukuze. Nilikuwa nimecheza karibu miaka 20, na katika kijiji hiki hakuna mtu ambaye angeweza kusema kama nacheza vema au vibaya. Mtu akikaa muda mrefu hivyo bila kuambiwa neno, hutamani kuambiwa na ye yote, hata na karatasi. Tena sikudanganya katika michezo yenyewe. Kila mchezo niliucheza mimi, kwa akili yangu, na alama nilizopata ni zangu. Cheti kilipofika katika simu nilikwenda mjini kukichapisha kwa rangi, nikamlipa seremala fremu.

Na tena ni lazima niseme jambo jingine, lisije likafichika. Cheti kile kilifanya kazi njema. Wazazi waliokuwa wakisema kwamba sataranji ni kamari walianza kusema kwamba mwalimu ametambuliwa na ulimwengu. Baba wawili waliokuwa wamewakataza binti zao wasibaki shuleni saa za jioni waliwaruhusu. Mkuu wa shule alitupa kabati lenye kufuli. Haya yote yalitokea baada ya fremu kupanda ukutani, na yasingetokea kwa maneno yangu, maana maneno nilikuwa nimeyasema miaka yote.

Miezi michache baadaye palikuwa na mashindano katika mji wa mkoa, ambako nauli ni ndogo, tukaenda watu sita. Katika karatasi ya kujiandikisha niliandika zile herufi tatu mbele ya jina langu. Mwandalizi alizitazama, akaona mbili za mwisho, akadhani ni cheo kingine, kile cha mezani, ambacho hutaka alama 2200 za kweli. Akasimama mbele ya watu akasema kwamba leo tumebahatika kuwa na bingwa mwenye cheo. Watu wakapiga makofi. Nilikuwa na nafasi ya kusema, "Bwana, si hicho." Nafasi yenyewe ilikuwa ndefu, maana makofi yalichukua muda. Sikusema.

Wakaniweka meza ya kwanza. Nilicheza michezo mitano, nikashinda mmoja, nikatoka sare mmoja, nikashindwa mitatu. Kushindwa si ajabu. Mchezo ninaoukumbuka ni ule wa pili, nilipokutana na mzee mmoja fundi wa saa. Hakuandika cheo cho chote katika karatasi yake. Hata umri aliuacha wazi. Alicheza pole pole, kidole chake kikikaa juu ya kete kabla ya kuisogeza, kama anayesikiliza kama saa imeanza kwenda. Kabla ya mchezo wa ishirini na tano mfalme wangu alikuwa hana mlango.

Tulipokwisha kupeana mikono akaniuliza, "Cheo hicho, Mwalimu, walikupa wapi?"

"Kwa njia ya intaneti, Mzee."

"Ulikwenda kwao?"

"Sikwenda."

"Wao walikuja kwako?"

"Hawakuja."

Akanyamaza. Hakucheka wala hakunisuta. Alizipanga kete tena, zake na zangu, kila moja mahali pake, kisha akasema, "Ukipita mjini karibu dukani. Ubao ninao." Ningefadhili anitukane.

Yule binti alicheza na vijana wenzake, akashinda minne katika mitano. Tuliporudi alikaa karibu nami katika basi, na tulipopita daraja akaniuliza, "Mwalimu, cheo chako ulilipia?" Nikasema nililipa ada. Akauliza, "Lini?" Nikautaja mwezi. Hakusema kitu. Alitazama nje mpaka tukafika njia panda, ndipo akauliza tena, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Na mimi nikipata fedha nikalipa, nitapewa?"

Nikamwambia nitamjibu. Jibu lilinichukua wiki kadhaa, maana kila nililolitaka kusema lilinirudia mwenyewe. Kama ningesema, "Usilipe, ni upuuzi," angetazama ukutani kwangu. Kama ningesema, "Lipa," ningekuwa nimemfundisha nusu ya niliyoyafanya, nusu iliyo mbaya. Basi nikaanza kutafuta habari za watu waliopata vyeo na waliovikosa, nizipime pamoja naye, na hizi ndizo nilizomsomea.

Ya kwanza ni ya mtu wa Romania, Alexandru Crișan. Huyu alikuwa na cheo cha bingwa mkuu tangu miaka ya 1990, na mwaka 1998 kipimo chake kilimweka karibu na walio bora kabisa duniani. Wachezaji wenzake walishangaa, maana hawakumwona akicheza nao; alama zake zilitoka katika mashindano ambayo watu waliyatilia shaka. FIDE ikafanya uchunguzi. Katika siku hizo za shaka, mwaka 2001, alicheza hadharani mbele ya mabingwa huko Slovenia, katika mashindano ya kumkumbuka yule Vidmar niliyemtaja. Katika michezo tisa alipata nusu alama, yaani sare moja na kushindwa mara nane. Mwaka 2015 chama kilimvua cheo. Nafikiri sana juu ya siku tisa zile. Mtu angeweza kukaa nyumbani na karatasi zake na kipimo chake, wala asiguswe. Lakini mchezo wa sataranji una ubao, na ubao hausomi karatasi.

Binti akaniuliza, "Yeye naye alilipa kama wewe?" Swali la haki. Nikamjibu kwamba mambo yetu si mamoja. Alama zake chama kilizikataa, na zangu nilizichuma mwenyewe. Cheo chake kilidai kuwa kile kikubwa, na changu kilikuwa kidogo chenye jina la kukopa. Lakini siku ile katika mji wa mkoa, makofi yalipokuwa yakipigwa, tulikuwa tumeketi benchi moja, yeye na mimi.

Ya pili ni ya Sultan Khan. Alizaliwa Punjab, katika sehemu ambayo sasa ni Pakistan, akalelewa na mchezo wa sataranji wa Kihindi ambao kanuni zake zilikuwa tofauti kidogo na zile za Ulaya. Bwana mmoja mkubwa wa nchi ile, Sir Umar Hayat Khan, alimchukua katika nyumba yake, akaenda naye Uingereza mwaka 1929. Mwaka ule ule Sultan Khan akawa bingwa wa Uingereza, kisha tena mwaka 1932, na tena mwaka 1933. Huko Hastings, katika mashindano ya mwisho wa 1930 na mwanzo wa 1931, alimshinda Capablanca, ambaye alikuwa bingwa wa dunia tangu 1921 hata 1927. Mwisho wa mwaka 1933 bwana wake akarudi nyumbani, naye akarudi, na sataranji ya Ulaya ikaishia hapo. Orodha ya watu 27 ilipotolewa mwaka 1950, wazee wengine waliokwisha kuacha mashindano walitiwa ndani. Sultan Khan alikuwa hai, wala hakutiwa. Alifariki mwaka 1966, hana herufi hata moja mbele ya jina lake.

Yule binti alitaka tuuchezee mchezo wa Capablanca pale pale. Tuliuchezea jioni mbili, kwa vifuniko vya soda, na ulipokwisha akasema, "Huyu hakuharakisha." Sikumbuki kama nilipata kumsikia akimsifu mtu mwingine.

Ya tatu ni ya karibu nasi. Phiona Mutesi alikulia Katwe, mtaa wa maskini katika Kampala, akajifunza sataranji kwa mwalimu aitwaye Robert Katende, aliyekuwa akiwapa watoto uji. Kwa michezo aliyoicheza Istanbul mwaka 2012, katika mashindano ya mataifa, alipata cheo cha wanawake kilicho cha chini katika ngazi ya vyeo vya mezani. Wapo wanaokidharau kwa kuwa ni cha chini. Mimi sikidharau. Kwenda Istanbul kulihitaji fedha, nyingi kuliko ada yangu na fremu yangu, na watu wengine walizitoa. Lakini fedha zile zilinunua ndege na kitanda. Michezo hazikuinunua.

Hapo ndipo nilipoanza kuona nilipokosea, na ndilo jibu nililompa. Nilimwambia kwamba kulipa si kosa, maana hata vyeo vikubwa hulipiwa. Wala cheo cha intaneti si kitu cha kutupwa. Mtu aliye mgonjwa asiyeweza kusafiri, au mzee aliye peke yake kisiwani, au mtoto anayeanza, akicheza michezo yake kwa haki na kulipa ada yake, akatundika karatasi, amefanya nini kibaya? Ni kama cheti cha semina ambacho sisi walimu hupewa baada ya siku tatu za mafunzo na chai. Hakuna anayeona haya kwacho, maana hakuna anayekiita shahada. Mimi ningalisema tangu mwanzo, kwa wazazi na kwa yule mwandalizi, kwamba hiki ni cheo cha kuchezea simu, cha ngazi ya chini, nimekilipia ada, nisingalikuwa na habari ya kuandika hapa.

Lakini sisi hatuna vyungu viwili vya fedha. Ada ile ilitoka katika chungu kile kile ambacho nilikuwa nimemwambia kwamba ni kitupu. Kile alichokihitaji yeye, yaani kukaa mbele ya mtu mgeni anayetaka kumshinda, hakiletwi na simu kilimani, na fedha zilikuwapo za kukipata, nami nilizitumia kununua karatasi inayosema kwamba nacheza vizuri kiasi. Nilimwambia hayo waziwazi. Nikamwambia pia kwamba mshahara ulikuwa hautoshi, kweli, lakini kwa jambo lile ungalitosha, na kwamba nilipomwambia angoje nilikuwa nimekwisha kuamua.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Sikumwomba anisamehe, kwa kuwa mtoto akiombwa hivyo na mwalimu wake hana la kujibu ila "ndiyo." Akasema, "Basi mwaka ujao twende."

Nilikitoa cheti ukutani jioni ile. Katika mkutano wa wazazi wa mwezi uliofuata nikaeleza cheo kile ni cha namna gani. Niliogopa kwamba wale baba wawili wangewatoa binti zao. Mmoja aliwatoa, ni kweli, na hakuwarudisha mpaka mwaka ulipogeuka. Wa pili alicheka akasema kwamba yeye hakujali cheti; alijali kwamba mwalimu alikuwa na cheti na bado anafungwa na binti wa mchoma mkaa, kwa hiyo alidhani mchezo huo lazima una faida. Kabati lenye kufuli hawakutunyang'anya.

Mwaka 2019 tulikwenda Dar es Salaam, binti na matroni wa bweni na mimi. Alipata alama tatu katika michezo sita. Alishindwa na mtoto wa miaka kumi aliyekuwa akinywa maziwa ya pakiti kwa mrija wakati wote wa mchezo, na jambo hilo lilimwudhi kuliko kushindwa kwenyewe. Michezo yote sita aliiandika katika daftari, ile mitatu ya kushindwa kwa wino mwekundu, akaniletea nisahihishe. Palikuwa na makosa niliyoyaona na mengine ambayo alilazimika kunionyesha yeye.

Sasa yuko chuo, anasomea ualimu wa hesabu. Cheo hana. Mwezi Februari mwaka 2024 nilipata habari kwamba FIDE imempa Sultan Khan cheo cha bingwa mkuu, cha heshima, miaka 58 baada ya kufa kwake. Nikapanda kilimani nyuma ya zahanati nimpelekee ujumbe, maana nilijua atafurahi. Nilingoja huku mbu wakinila. Jibu lake lilikuja kabla sijateremka, nalo lilikuwa swali: "Nani amelipa ada?"